Misheni: nani amemtuma nani?

Ndugu msikilizaji, yako maneno ya kigeni ambayo tulikwisha kuyakaribisha katika Kiswahili, tukayapa kigoda na maji ya kunywa, na leo yakipita mbele yetu hatukumbuki tena kuwa yalikuja na meli. Mojawapo ni neno misheni. Juma hili naomba tulikalie kitako neno hili moja tu, maana limebeba historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, umwulize kijana anayezungukazunguka kati ya maduka na simu mkononi anafanya kazi gani. Huenda akakujibu bila kusita kwamba yeye ni mishentauni, na kwamba mchana huu ana misheni moja. Ikitiki, nyumbani watakula juma zima. Sasa panda basi la Kusini, ushuke Masasi, umwulize mama aliyembeba mtoto mwenye homa anaelekea wapi. Atakuambia anampeleka misheni. Jioni fungua redio yako, utasikia kwamba askari wa nchi fulani wamekwenda nchi jirani katika misheni ya kulinda amani. Kijana wa Kariakoo, mama wa Masasi na askari wa kulinda amani wote wanatumia neno lile lile, na hakuna hata mmoja anayemshangaa mwenzake.

Waingereza, ambao kwao tumeliazima, nao wanalitumia kwa namna nyingi. Kwao ubalozi ni mission, kikosi kinachopelekwa kazi maalumu vitani ni mission, safari ya chombo cha angani ni mission, na siku hizi kila kampuni na kila idara hubandika ukutani dhamira yake, nayo huitwa hivyo hivyo. Lakini Waingereza nao waliliazima. Chimbuko lake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambamo kitenzi mittere maana yake ni kutuma. Humo humo ndimo lilimotoka neno misa, kwa sababu mwisho wa ibada padri alikuwa akiwaaga waumini kwa Kilatini na kuwaruhusu waende zao. Kwa hiyo misa na misheni ni ndugu wa tumbo moja. Kwa karne nyingi wanavyuo wa Kanisa walilitumia neno hilo kueleza jinsi Mungu Baba alivyomtuma Mwana duniani. Ni katika karne ya 16, mapadri wa shirika la Wajesuiti walipoanza kupelekwa nchi za mbali, ndipo neno likaanza kumhusu binadamu anayevuka bahari kwenda kuhubiri.

Shika basi jambo moja, ndugu msikilizaji. Katika maana zote hizo hawakosekani watu watatu: anayetuma, anayetumwa, na anayepelekewa. Ukimwondoa mmoja wao, neno linachechemea.

Na Kiswahili chetu hakikuwa maskini wa maneno ya kutuma. Tazama kitenzi tuma. Humo tumepata mtume, yule aliyetumwa na Mungu. Humo humo tumepata mtumwa, yule aliyenunuliwa sokoni. Kwa kusikia tu, maneno yote mawili yanamtaja mtu aliyetumwa. Kinachotofautiana ni ncha ya neno. Lakini kati ya utume na utumwa pana umbali wa mbingu na ardhi. Mtume anaulizwa naye anaitika. Mtumwa haulizwi. Wazee wetu waliouacha ukaribu huu katika lugha walituachia somo: ukitaka kujua kama mtu ni mtume au mtumwa, usitazame kazi anayoifanya. Tazama kama aliweza kuikataa.

Sasa twende Masasi, kwa sababu huko utume na utumwa vilikutana uso kwa uso, na mwaka wake tunaujua.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo, pale Mkunazini palipokuwa na soko, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Waliolijenga ni misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa herufi zake nne, UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi Desemba 1857. Safari yake ya kwanza, kwenye bonde la mto Shire, iliishia katika vifo. Askofu Mackenzie alifariki huko mwaka 1862. Walionusurika na waliowafuata wakahamia Zanzibar mwaka 1864. Mmoja wa waliofika mwaka huo ni Edward Steere, mtu ambaye kila anayesoma Kiswahili amewahi kulisikia jina lake, maana mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia lugha hii na kingine cha hadithi zake, kisha akashughulikia tafsiri ya Agano Jipya. Akawa Askofu mwaka 1874.

Misheni hiyo ilikuwa na watu ambao haikuwatafuta kwa mahubiri. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa walikabidhiwa kwa wamisionari. Wavulana walisomeshwa Kiungani, na wengine wakawekwa Mbweni. Wengi walikuwa wametoka bara, maeneo ya Ziwa Nyasa na Ruvuma, wametembezwa kwa minyororo hadi pwani wangali wadogo. Steere akaona ni vyema kuwarudisha walikotoka, wawe kijiji cha Kikristo huko. Mwezi Oktoba 1876 akaondoka Zanzibar na zaidi ya watu 50, wanaume kwa wanawake, wakateremka Lindi, wakafunga mizigo, wakashika njia ya bara.

Nyasa hawakufika. Walipofika Masasi, penye milima ile ya mawe inayochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare, walikuta udongo mzuri na maji, wakaona panatosha. Wakajenga. Mwaka uliofuata akaja padri Chauncy Maples kuwaongoza.

Hebu tafakari, ndugu msikilizaji. Ukimwuliza Mwingereza wa wakati ule nani alikuwa misheni hapo Masasi, angekuonyesha padri, kwa sababu padri ndiye aliyetumwa. Lakini waliolima, waliokata miti, waliochoma matofali na waliozaa watoto hapo ni wale wanaume na wanawake kutoka Mbweni. Hao walikuwa wametumwa mara mbili. Mara ya kwanza walitumwa kwa kamba shingoni, wakaitwa watumwa. Mara ya pili walitumwa kwa nia njema, wakaitwa watu wa misheni. Mara zote mbili uamuzi mkubwa ulikuwa wa mtu mwingine. Lakini kusimama Masasi na kuifanya kwao, hilo lilikuwa jambo lililowahitaji wao wenyewe waseme: hapa.

Naamini hapo ndipo neno lilipobadilika. Kwa Mwingereza misheni ilikuwa kazi. Kwa watu wa Masasi ikawa mahali. Watu hawasemi sana kwamba wanafanya misheni. Wanasema wanakwenda misheni, wametoka misheni, wamezaliwa misheni. Hata sauti ya neno ilisaidia. Masikio yetu yamezoea kwamba neno linaloishia na ni hutaja mahali: nyumbani, shambani, kisimani, bomani. Misheni likaja likiwa tayari limevaa mkia huo kwa bahati tu, likaingia katika safu bila kuulizwa kitambulisho. Jambo kama hilo lilitokea pia kwenye stesheni.

Hali haikuwa ya Masasi peke yake. Bagamoyo mapadri wa Kifaransa walianzisha kijiji chao mwaka 1868, na Mombasa, upande wa Kisauni, Waingereza wa shirika jingine walianzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875, ambako kengele yao iliacha jina la Kengeleni mpaka leo. Kote huko misheni ilikuwa mahali penye ua, kengele, shule na watu ambao jirani zao waliwatazama kwa jicho la pembeni.

Jicho hilo la pembeni lilikuwa na sababu. Jirani Mmakua au Myao alipoona Mzungu ana watu wengi wanaomlimia na kumsikiliza, aliuliza swali lile ambalo mtu mwenye akili angeuliza: Je, hawa si watumwa wake? Na misheni yenyewe ilijikuta pabaya. Mapadri waliokuja kuhubiri wakawa wanagawa viwanja, wanapanga kazi, wanaamua kesi na kutoa adhabu. Mtume akaanza kufanana na jumbe.

Kisha ikaja Septemba 1882. Wangoni, ambao huko wakiitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na wengine wakachukuliwa mateka. Askofu Steere alikuwa amefariki Zanzibar mwezi mmoja tu kabla. Padri mmoja alifunga safari hadi nchi ya Wangoni kuwatafuta mateka. Fikiria mwanamke aliyeokolewa kwenye jahazi, akalelewa Mbweni, akarudishwa bara kuwa huru, kisha akatekwa tena. Historia ya misheni haiwezi kuandikwa kama hadithi ya ushindi tu mbele ya mwanamke huyo.

Waliosalia walikimbilia wapi? Walipanda Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Nani basi alimhifadhi nani? Misheni iliyokuja kuwapa wengine hifadhi ikapewa hifadhi na mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwaka huo mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Matola aliwapa mahali, na Newala ikawa makao makuu ya kazi yao kwa miaka kadhaa, kabla ya Masasi kufufuliwa.

Baada ya pigo hilo misheni ilijifunza. Fikra ya kujenga vijiji vya watu waliokombolewa iliachwa, na kazi ikapelekwa katika vijiji vya wenyeji wenyewe. Na walioipeleka hawakuwa Wazungu peke yao. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni kisha akasomeshwa Zanzibar, alipelekwa Chitangali, karibu na Newala, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo. Hapa neno limepata maana yake kamili. Mtumwa amekuwa mtume. Tena ametumwa kwa watu wanaozungumza lugha aliyozaliwa nayo, naye hakuhitaji mkalimani.

Majaliwa na walimu waliosoma Kiungani walipeleka kitu kingine ambacho leo tunakiona cha kawaida: Kiswahili cha Unguja kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi. Huko watu walisema Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera. Wafanyabiashara wa misafara walikuwa wamekwisha kukipeleka Kiswahili cha kusema. Misheni ilikipeleka kwenye ubao na kwenye kitabu. Mwaka 1928, wakuu wa elimu wa Afrika Mashariki walipokutana Mombasa na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ya miaka 50 na zaidi ilikuwa imeandaa njia.

Lakini tusijidanganye kwamba neno hili lilikuwa tamu masikioni mwa kila mtu. Mwezi Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Kusini, kituo cha Masasi kilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia Lindi. Vituo vya Wabenediktini wa Kijerumani, Nyangao na Lukuledi, navyo viliteketezwa, na Askofu wao Cassian Spiss aliuawa njiani. Kwa wapiganaji wale, misheni, boma la Mjerumani na shamba la pamba la kulazimishwa vilikuwa kitu kimoja: vyote vimeletwa na watu ambao hakuna mwenyeji aliyewaita. Tunaweza kusema kwamba hawakutenda haki kwa kuchanganya Mwingereza na Mjerumani, au sala na kodi. Lakini walikuwa wakimsemea yule mtu wa tatu, yule anayepelekewa, ambaye watu wakipanga misheni humsahau mara nyingi.

Wabenediktini walirudi, wakajenga Ndanda mwaka 1906, na baadaye hospitali na kiwanda cha kuchapa vitabu ambavyo vimesomwa nchi nzima. Hapo lugha ikafanya mchezo mwingine. Upande wa Waanglikana watu walisema misheni, kwa ulimi wa Kiingereza. Upande wa Wakatoliki wengi walisema misioni, karibu zaidi na Kilatini. Kwa herufi mbili tu uliweza kumjua mtu kanisa lake, shule aliyosoma na hospitali alikozaliwa. Watoto wa familia moja wakatenganishwa na irabu.

Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba misheni yenyewe iligeuzwa. Waliokuja kubadili mila walikuta mila ina mizizi. Vijana wa Kiyao na Kimakua hawakuwa tayari kuwa Wakristo kwa gharama ya kukosa jando, maana asiyeingia jando alibaki mtoto hata akiota mvi. Walimu na mapadri Waafrika ndio walioujua uzito wa jambo hilo. Kuanzia kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, misheni ya Masasi ilianza kukubali jando linaloendeshwa chini ya Kanisa, na mtu aliyelitetea sana ni Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi. Watu wengi Ulaya walishangaa. Lakini ikiwa anayepelekewa naye ana la kusema, basi anayetumwa hurudi kwao amebadilika.

Wapo pia waliotumwa wakagoma kurudi. Daktari Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935, akafanya kazi katika hospitali ya Lulindi, ambako alipasua wagonjwa katika majengo ya miti na udongo. Alitumwa na Waingereza, lakini baada ya Uhuru alikuwa raia na mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003 akiwa Mtanzania. Sasa huyo misheni yake ilikuwa ya nani? Aliyemtuma mwanzoni alikuwa amekwisha kuondoka, bendera yake ikiwa imeshushwa. Waliomtuma mwishoni ni wapiga kura na Rais wao.

Askofu Trevor Huddleston naye alikuja Masasi mwaka 1960 akitokea kwenye mapambano ya Sophiatown, Afrika Kusini, akakaa hadi 1968, kisha akampisha Mwafrika kiti. Mwaka 1969 Serikali ilianza kuzichukua shule za mashirika ya dini ziwe za watoto wote bila kujali dini. Shule kama Chidya na Ndanda, zilizoanzishwa na misheni, zikawa za Serikali. Hata hivyo jina halikutaifishwa. Mpaka leo mzee akitaka kusema kwamba shule ni kali, walimu hawacheki na uwanja umefagiwa, atasema ni kama ya misheni. Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipanda ngazi za shule hizo, kuanzia Kusini hadi Pugu, kabla ya kufika Makerere. Alizikwa Lupaso mwezi Julai 2020.

Mpaka hapo, ndugu msikilizaji, tumeona misheni ikiwa kazi, ikawa mahali, ikawa watu, ikawa sifa. Sasa turudi Kariakoo kwa yule kijana wetu.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa migumu. Viwanda vilifungwa, wafanyakazi walipunguzwa makazini, bei ya korosho iliyumba, na vijana wengi wa Lindi na Mtwara walipanda mabasi na meli kwenda Dar es Salaam. Wakatembeza bidhaa mabegani. Mji ukawaita wote machinga, jina ambalo kwa Kusini ni la kabila, Wamachinga wa Lindi. Angalia maneno haya mawili yalivyopishana njiani. Misheni liliingia Kusini likiwa jina la kazi, likageuka jina la mahali na la watu. Machinga likatoka Kusini likiwa jina la watu, likageuka jina la kazi. Lugha inaweka kumbukumbu ambayo ofisi ya takwimu haina fomu ya kuijaza.

Na katika miaka hiyo hiyo mji ulimpata mishentauni. Yeye hana duka wala meza. Ana habari: anajua nani anauza gari, nani anatafuta kiwanja, nani ana mzigo bandarini. Kila mpango wake wa siku ni misheni. Mjini mipango, wanasema. Wengine humsifu kwa ujanja, wengine wanamwona tapeli, na mara nyingi yuko katikati. Lakini ukilichunguza neno utaona kasoro moja kubwa. Katika misheni ya mishentauni anayetuma hayupo. Hakuna aliyempa nauli. Hakuna atakayempokea akirudi mikono mitupu. Amejituma.

Kitenzi hicho, kujituma, nacho ni mtoto wa tuma. Tunakipenda sana. Katika hotuba nyingi vijana huambiwa wajitume. Ni neno zuri, na uvivu haujamjengea mtu nyumba. Lakini tuwe waangalifu. Mtu akikutuma anabeba wajibu: akupe posho ya njiani, na ukipata ajali aje akuchukue. Ndiyo maana tunasema mjumbe hauawi, kwa sababu nyuma ya mjumbe yupo mwenye ujumbe wa kuulizwa. Tunapomwambia kijana asiye na mtaji, asiye na kiwanja na asiye na elimu ya ufundi ajitume tu, mara nyingine tunachomwambia ni kwamba sisi tuliopaswa kumtuma tumejitoa katika misheni hiyo.

Kijana huyo asiye mtumwa na asiye mtume, tumwiteje? Yeye mwenyewe amejibu. Amechukua neno kubwa la wakubwa, neno la maaskofu, mabalozi na majenerali, akajivika. Kuna mzaha ndani yake, na kuna heshima anayojidai mwenyewe baada ya kukosa wa kumpa.

Na majenerali nao wamelirudisha neno Kusini. Oktoba 2017 mapigano yalianza katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwenye nchi ambayo Wamakonde wa Newala wana jamaa na makaburi ya wazee wao. Julai 2021 nchi za Kusini mwa Afrika zilipeleka huko majeshi, Tanzania ikiwamo, katika kikosi kilichoitwa Misheni ya SADC nchini Msumbiji. Misheni hiyo ilifungwa Julai 2024. Ilikuwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na wakuu wa nchi waliotia saini. Anayetuma alijulikana, na anayetumwa alijulikana. Lakini kwa yule wa tatu, yule mama wa Cabo Delgado aliyekimbia na mtoto mgongoni, kufungwa kwa misheni hakukuwa na maana kwamba shida yake nayo imefungwa.

Ukisimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ukingo unapokatika na bonde la Ruvuma likafunguka chini yako, unaitazama Msumbiji upande wa pili. Njia za nchi hizi za Ruvuma zilipitiwa na misafara ya watumwa, mapadri, askari wa Mjerumani na wa Mwingereza, wapigania uhuru wa Frelimo, na wakimbizi. Wengi wa hao walikuwa wametumwa. Wachache waliulizwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mtu akija kijijini kwako au ofisini kwako akasema ana misheni, awe mhubiri, mfadhili, mwanasiasa, mwanajeshi au mishentauni, usimkatalie wala usimkubalie haraka. Mwulize maswali matatu. Nani amekutuma? Wewe ulikubali, au ulilazimishwa na njaa? Na sisi unaotuletea, tumeulizwa? Akijibu yote matatu bila kukwepa, mpe kigoda akae.

Wale zaidi ya 50 walioondoka Zanzibar mwaka 1876 hawakuwa na nafasi ya kuuliza maswali hayo. Walifanya walichoweza: walichukua neno la kutumwa wakaligeuza neno la kukaa. Majina yao mengi hayasomwi popote. Lakini kila mama wa Masasi anaposema anampeleka mtoto misheni, akiwa na uhakika kwamba hapo ni kwao na hakuna wa kumfukuza, analitumia neno kama walivyolitengeneza wao.

Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia.